Mtungi Hauoshwi

Nimeonja karibu kila kinachonyweka kati ya Mbulu na Mlima Hanang. Sisemi hivi kwa kujisifu, na mimi si mlevi. Wanaonijua watakuambia ni mtu wa glasi moja, anayekaa nayo mpaka wenzake wanachoka kumngoja. Nimekunywa bia ya chupa Katesh, iliyopozwa kwenye ndoo ya maji kwa sababu kile kilabu kilikuwa hakijapata umeme. Nimekunywa pombe ya asali kwa Wabarbaig chini ya mlima, ile inayopita kooni kama dawa tamu halafu inakusubiri magotini. Gongo nimeionja mara mbili na kuitema mara mbili. Babati, mwaka mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha na kila mtu akaenda kufungua kitu kule, nilionja mbege ya Mchaga mmoja, nzito, yenye harufu ya ndizi iliyolala, nikakaa nayo mchana mzima kwa raha. Hata divai ya Dodoma nimeinywa, nikaipenda, ingawa inakausha ulimi kama ndizi mbichi.

Kote huko nilikuwa natafuta ladha moja. Nilikuwa kama mtu aliyepoteza ng'ombe kwa uzembe wake mwenyewe: anapita boma kwa boma, anasalimia, anachungulia zizini, anaaga, anaendelea.

Nilikuwa natafuta pombe ya mama.

Kwetu ni Tumati. Baba alikuwa kibarua katika mashamba makubwa ya ngano kule Hanang, na kazi zilipoanza kupunguzwa alirudi nyumbani na godoro lake, amekonda. Hakufika mavuno mawili. Nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule wiki ile ile, bila mtu kuniambia niache, kwa sababu ng'ombe walikuwa hawajui kwamba mimi ni mwanafunzi. Nyuma yangu nilikuwa na wadogo zangu wawili wa kike, mmoja wa miaka saba na mwingine wa mwaka mmoja, bado mgongoni mwa mama.

Mama alituweka hai kwa pombe. Alipika ya mtama kwa kimea cha ulezi, kila baada ya wiki mbili, na wazee walitoka mbali kuja kukaa ukutani mwetu upande wa jua. Baridi ya kwetu haipendi pombe, inaizuia isichachuke, kwa hiyo mtungi wake ulikaa ndani, upande wa ng'ombe, ukipata joto la pumzi zao. Ukiingia asubuhi ulisikia sauti mbili: ng'ombe wakicheua, na mtungi ukinong'ona.

Halafu yeye naye akaanza kuumwa. Vidonda vilimjaa mdomoni, na siku moja aliniita jikoni akiwa ameshika kata.

“Onja,” alisema. “Mimi ulimi wangu umekufa. Niambie kama imefika.”

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilionja, nikasema ni kali.

“Kali wapi? Mbele ya ulimi au nyuma?”

“Nyuma.”

“Basi bado. Ukali wa nyuma ni wa kitoto, unalialia. Ngoja uje mbele, halafu nyuma ubaki moshi tu. Moshi ukibaki, imefika.”

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kunywa. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa ulimi wa mama yangu. Alikuwa akinitazama usoni ninapoonja, na kabla sijasema neno alishajua. Nikikunja uso alicheka, ingawa kucheka kulimuuma. “Usimeze haraka,” aliniambia. “Anayemeza haraka anakunywa maji yenye jina la pombe.” Kupika hakunifundisha. Hiyo ilikuwa kazi ya wanawake, na mwiko aliushika mwenyewe hata alipokuwa anakoroga akiwa amekaa.

Alikufa mwanzoni mwa kipupwe. Watu walikuja kuzika, lakini walikuja kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Walikaa mbali na ukuta. Wengine walibeba vikombe vyao kutoka nyumbani. Nilimwona mama mmoja, jirani aliyenibeba nikiwa mdogo, akipokea chai kwa mikono miwili kwa heshima zote, kisha akizunguka nyuma ya ghala na kuimwaga polepole isitoe sauti. Hakuna aliyetaja ugonjwa. Zamani, wazee wanasimulia, nyumba iliyofiwa ilitengwa kabisa, haikuazima chombo wala kuazimwa. Sisi hatukutengwa. Tulisalimiwa kila siku, kwa mbali.

Baada ya maziko, baba mkubwa, yaani kaka yake baba, alisimama uani akasema mbele ya watu jinsi tutakavyogawanywa. Mimi niende kwake nikachunge. Huyu wa pili, aliyekuwa sasa na miaka tisa, aende kwa mjomba Maretadu. Na yule mdogo, wa miaka mitatu, achukuliwe na shangazi Katesh, ambako mumewe alikuwa na duka la mitumba.

Nikasema, “Shikamoo, baba mkubwa. Naomba tubaki.”

“Mbaki na nani?”

“Na mimi.”

Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Ndipo mzee mmoja, rafiki wa babu yetu, aliyekuwa hakosi pombe ya mama hata mara moja, akanyoosha fimbo yake. Alikuwa na jicho moja lenye ukungu na hilo ndilo alilokutazamia.

“Kwetu msiba unafungwa na pombe ya nyumba yenyewe,” alisema. “Nyumba inayoweza kuwapa wazee pombe ni nyumba. Isiyoweza, ni kibanda, watoto watoke. Tumpe mwezi mmoja. Apike, tuje tunywe.”

“Apike nani?” baba mkubwa aliuliza. “Huyu ni mwanamume.”

“Basi asipike. Jibu tutalipata.”

Ikawa hivyo. Pombe itoke kwenye jiko letu, kwa mkono wa mtu anayelala nyumba ile. Wazee wakinywa, tubaki watatu. Wasipokunywa, shangazi atakuwepo siku hiyo hiyo na mfuko wa kumbebea mtoto.

Nilijua wazi kwamba tatizo langu la kwanza halikuwa kupika. Lilikuwa ile chai nyuma ya ghala. Hata ningepika pombe ya malaika, nani angeweka mdomo kwenye chombo cha mama? Kwa hiyo nilikwenda Dongobesh. Maduka yalikuwa yamejaa kila kitu miaka ile, vitu ambavyo nikiwa mdogo tulivisikia tu: sabuni za rangi, mafuta ya kujipaka ya kila harufu, betri, kreti za bia zimepangwa mpaka dari. Kwetu vyombo vilisuguliwa kwa jivu. Nilimwuliza mwenye duka, Mwislamu mmoja mpole aliyekuwa akiwajua wazazi wangu, sabuni ipi inaondoa ugonjwa kwenye vyombo.

Alinitazama, akaelewa, akashusha pakiti ya sabuni ya unga. “Hii,” alisema. “Ukiitia na maji ya moto, kijana wangu, inaua kila kitu.” Akanipa na ya pili, akakataa malipo ya hiyo.

Niliosha siku nzima, uani, mahali ambapo kila apitaye ataona. Nilitaka waone. Niliosha sufuria, vibuyu, kata, bakuli. Mtungi wa pombe niliuacha mwisho kwa sababu ndio uliokuwa mchafu kuliko vyote: ndani ulikuwa na utando mweusi, mnene kama gome la mti, wa miaka na miaka. Niliumwagia maji yaliyotokota, nikatia sabuni, nikasugua kwa mchanga, nikamwaga, nikarudia mara tatu mpaka udongo wake mwekundu ukaonekana. Mdogo wangu wa miaka tisa alinisaidia na mwiko. Tuliuchemsha kwenye sufuria kama mhogo. Kisha tukavianika vyote juani, na nakumbuka nilisimama nikatazama vile vyombo vinavyong'aa nikajisikia, kwa mara ya kwanza tangu maziko, kwamba nimefanya jambo la mtu mzima.

Kimea mama alikuwa ameacha. Wiki ya tatu nikasaga, nikapika uji mzito wa mtama, nikauacha upoe, nikachanganya na kimea, nikakoroga, nikafunika, nikauweka mtungi mahali pake upande wa ng'ombe. Kisimani wanawake walikuwa tayari wana habari.

“Karibu, mama pombe!” mmoja aliniita. “Kanga yako iko wapi leo?”

“Mwacheni,” mwingine akasema. “Akimaliza pombe atatufundisha na kuzaa.”

Nilijaza ndoo yangu nikawaambia, “Mtakuja kuomba mabaki,” wakacheka zaidi, na mmoja wao akanisaidia kujitwisha. Lakini hakuna aliyeniuliza ninapikaje, na mimi sikuuliza. Niliona nimemtazama mama miaka yote, kuna nini cha kuuliza?

Siku ya kwanza mtungi ulikaa kimya. Ya pili, kimya. Asubuhi ya tatu mdogo wangu alikuwa ameweka sikio kwenye tumbo la mtungi kama daktari.

“Kaka, umelala,” alisema.

“Utaamka.”

“Wa mama haukuwa unalala.”

Siku ya nne nilifunua. Juu palikuwa na ukungu wa kijani, na harufu ikanijia kama ya nguo iliyosahauliwa majini. Nilionja hata hivyo. Sitaieleza ile ladha. Nilimwaga yote kwa ng'ombe, nao wakainusa wakaiacha. Zilibaki siku sita. Mtama ulibaki wa kupika mara moja tu.

Upande wa njia ya Maretadu alikaa bibi mmoja aliyekuwa akipika pombe ya gulioni. Nilimkuta ameketi mlangoni anachambua ulezi.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Wewe ndiye mwanamume anayepika pombe?”

“Ndiye mimi.”

“Naona haijapikika. Ingepikika usingekuja na uso huo. Kaa.”

Nilimweleza. Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea na ulezi. Nilipofika kwenye kuosha, mikono ikasimama.

“Uliosha mtungi?”

“Ndiyo, bibi.”

“Kwa maji ya baridi?”

“Ya moto. Na sabuni ya unga.”

“Na mwiko?”

“Niliuchemsha.”

Alijipangusa mikono kwenye kanga yake. Kisha akaniuliza mama yangu alitoka wapi, nikamwambia kijiji cha Daudi, na kama bibi yangu mzaa mama yuko hai, nikamwambia hapana, na mama mdogo je, nikamwambia ameokoka, vyombo vyake vya pombe alivivunja siku ile ile.

“Basi umemaliza,” alisema. Hakulisema kwa ukali. “Sikiliza, mjukuu wangu. Chachu haikai kwenye kimea. Inakaa kwenye ule uchafu. Msichana wa Daudi akiolewa anakuja na machicha ya pombe ya mama yake kwenye kibuyu kidogo, anayaamsha mtungini mwake, na mtungi ule hauoshwi tena. Unasuuzwa kwa maji ya baridi, unageuzwa mdomo chini, basi. Mama yako alipokea mkono wa mama yake, na yule wa mama yake. Ule weusi uliousugua ndio wao wenyewe, walikuwa wamekaa mle.”

Nilikuwa sijalia kwenye maziko. Kwa bibi yule nililia, na yeye aliendelea kuchambua ulezi mpaka nilipomaliza. Kisha akaingia ndani akatoka na kata ya maji, nikanywa. Alipoipokea alikunywa yaliyobaki, hapo hapo nilipoweka mdomo, bila kufuta. Alikuwa mtu wa kwanza tangu mama afe kufanya vile.

“Nitakupa chachu yangu,” alisema. “Chachu huombwa kama moto, haiibwi. Lakini ujue haitakuwa pombe ya mama yako. Itakuwa yangu.”

“Wazee watajua?”

“Wanaokunywa ili walewe hawatajua. Anayejua pombe atajua.”

Nilirudi nyumbani na kopo la machicha nimelifunga ndani ya shati, juu ya tumbo, lisipigwe na baridi. Nilipika mtama uliobaki. Asubuhi ya pili tuliamshwa na ule mnong'ono, na mdogo wangu wa miaka tisa akaanza kuruka akipiga makofi, “Umeamka! Umeamka!” na yule mdogo akaruka naye bila kujua ni nini. Mimi nilikaa kitandani nikisikiliza. Sauti ilikuwa ile ile.

Wazee walikuja sita, na baba mkubwa akiwa wa saba. Shangazi alifika kutoka Katesh akiwa na mfuko mpya, na ndani yake sweta dogo la rangi ya njano. Alikuwa mtu mwema, sitaki mtu afikiri vinginevyo. Alimkalisha mtoto mapajani akampima sweta, likamtosha.

Nilichuja pombe, nikajaza kibuyu kikubwa. Kwa desturi mwenyeji huonja kwanza mbele ya watu, waone hakuna ubaya ndani. Nilikuwa sijaionja mpaka dakika ile. Niliogopa. Niliinua, nikaacha ikae mdomoni kama nilivyofundishwa, na ilikuwa pombe nzuri. Naisema kwa haki ya yule bibi: ilikuwa tamu ya mtama mwanzoni, ukali wake umekuja mbele ulimini kama unavyotakiwa, nzito, ya kushibisha. Nikangoja nyuma ubaki moshi. Haukubaki. Pale palipokuwa na moshi palikuwa na utamu mdogo, kama wa mua, nikajua kwamba moshi ule hautarudi tena duniani. Nikameza. Nikampa kibuyu yule mzee wa jicho lenye ukungu.

Alikishika. Hakuinua. Wazee wengine walitazama mikono yake, na baba mkubwa alitazama ng'ombe wetu, mmoja mmoja. Nilikumbuka chai nyuma ya ghala. Sikuwa na jambo lingine la kufanya duniani isipokuwa kusimama pale.

Yule mdogo akateleza kutoka mapajani mwa shangazi, na sweta lake, akaja mpaka kwenye magoti ya mzee.

“Babu, hunywi?” aliuliza. “Kaka amekaa nayo siku nyingi.”

Mtu mmoja akacheka kwa pua. Mzee akainua kibuyu, akanywa funda moja, akalishika mdomoni. Nilimwona akingoja. Alikuwa akingoja mahali pale pale nilipongojea mimi. Jicho lake likageuka likanitazama, na nikajua kwamba amejua. Kama angesema, “Hii si pombe ya nyumba hii,” hakuna ambaye angebishana naye, na ingekuwa kweli.

Alimeza. Akanywa tena, mara hii kwa kirefu, mpaka koo lake likapanda na kushuka mara nyingi.

“Imefika,” alisema.

Kibuyu kikazunguka. Kilipomfikia baba mkubwa, alikipitisha kwa jirani yake bila kunywa, akisema tumbo halimkai vizuri.

“Ndugu yangu,” mzee akamwambia, “unaogopa pombe, au unaogopa kumkosa mchungaji wa bure?”

Wazee wakapasuka kwa kicheko, hata wanawake waliosimama nje ya ua wakacheka, na baba mkubwa naye ikabidi acheke. Akakirudisha kibuyu akanywa. Baada ya hapo hakuniudhi tena maishani mwake. Mwaka uliofuata alinipa jembe la kukokotwa na ng'ombe, bila kusema ni kwa nini.

Shangazi alisema, “Mimi nimeokoka, sinywi.”

“Kunywa maji,” mzee akamjibu. “Kwa kata ya nyumba hii hii.”

Alikunywa maji. Alilia akinywa, kisha akaukunja ule mfuko mtupu, akauweka chini ya kwapa. Sweta alituachia.

Mzee alikuwa wa mwisho kuondoka. Nilimsindikiza mpaka kwenye mikonge ya mpakani, na pale akasimama kupumua.

“Sufuria huoshwa, mwanangu,” alisema, akitazama njia. “Mtungi hauoshwi.”

Nikasema, “Ndiyo, babu.” Hatukulizungumza tena mpaka alipokufa.

Nilipika kwa chachu ya bibi yule miaka kumi na kitu, na bado napika. Iliwalisha wadogo zangu, iliwavika, ilimpeleka wa mwisho sekondari. Utando mpya ulijijenga mtungini, kwanza kijivu, halafu kahawia, halafu mweusi. Vijana walipoanza kunywa vile viroba vya dukani, pombe kali ya pakiti, wazee wachache waliendelea kuja ukutani kwetu. Wa pili aliolewa Maretadu, kwa watu wale wale wa upande wa yule bibi wa chachu. Wa mwisho alipata kazi katika hoteli moja Arusha. Nyumba niliyoipigania ikabaki na mimi na ng'ombe. Sikulalamika, ndivyo nyumba zinavyotakiwa kuisha. Lakini nilikuwa na nafasi sasa, na hapo ndipo nilipoanza kuzunguka na kuonja. Pombe ya asali ina moshi, nilifikiri, kwa sababu ya kuwafukuza nyuki. Haukuwa ule. Katika divai niliwahi kuhisi kitu nyuma kabisa, nikanywa glasi ya pili kukihakikisha, kikawa kimeondoka.

Mwaka jana mdogo wangu wa mwisho alikuja likizo na chupa ya divai, na glasi mbili ndefu amezifunga kwenye kanga zisivunjike. Tulikaa ukutani upande wa jua. Alitaka kunifundisha.

“Usinywe, kaka. Izungushe kwanza. Inuse.”

Nilizungusha, nikanusa, nikaonja, nikamwambia ninachokipata: zambarau iliyoiva kupita kiasi, ubao mbichi, chumvi kidogo pembeni, ukali umewahi mbele kabla ya wakati wake. Alinitazama.

“Nani alikufundisha? Kuna watu hotelini wanasomea hayo.”

“Mama.”

Alikaa na glasi yake. Yeye mama hamkumbuki, hata uso. “Pombe yake ilikuwaje?” aliuliza. “Hujawahi kuniambia.”

Nikafungua mdomo nimwambie. Maneno yalikuwepo yote: mtama, ukali wa mbele, moshi wa nyuma. Nimeyarudia moyoni miaka mingi mno. Nikayatafutia ladha yake ulimini, kama ninavyofanya siku zote kabla ya kulinganisha, na hapakuwa na kitu. Palikuwa na divai. Nyuma ya divai palikuwa na mbege, na bia ya Katesh, na asali, na utamu ule wa mua wa bibi. Sijui moshi ule uliondoka siku gani. Yawezekana uliondoka zamani na mimi nikawa natafuta maneno tu. Kila nilichoonja nikiutafuta, nilikuwa nausugua.

“Ilikuwa na moshi,” nilisema.

“Kama yako?”

“Yangu haina moshi.”

“Mimi nilidhani yako ndiyo yake,” alisema. “Siku zote. Wageni wakiniuliza kwetu kuna kinywaji gani, nawaambia tuna pombe ya mama yangu.”

Ndipo nikamwambia habari ya sabuni. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu, na yule wa pili, aliyechemsha mwiko pamoja nami, tulikuwa hatujalitaja hata siku moja. Nilimweleza yote, mpaka sweta la njano, ambalo alikuwa akilikumbuka bila kujua lilitoka wapi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

“Kwa hiyo tulibaki hapa kwa chachu ya kuomba,” alisema mwishoni.

“Tulibaki.”

Jua lilipoondoka ukutani alizichukua glasi akaenda kuziosha. Nilimsikia akimimina maji. Alipomaliza aliingia ndani, upande wa ng'ombe, ambako nilikuwa nimemaliza kuchuja asubuhi ile na mtungi ulikuwa mtupu, haujashughulikiwa.

“Na huu, kaka?” aliuliza.

“Maji ya baridi tu,” nilimwambia. “Suuza, halafu ugeuze mdomo chini.”